Wakubwa Walipogombana Juu ya Ziwa

Mwaka niliokuwa darasa la sita la sekondari tulisoma miguu ikiwa juu ya ubao wa chini wa dawati, kwa sababu ziwa lilikuwa limeingia darasani. Halikuingia kwa kishindo. Maji yalianza uani, kwenye kona ya vyoo, yakalala pale kama maji ya kufulia yaliyosahauliwa na mtu. Baadaye yakapanda ngazi, na Jumatatu moja tukakuta chaki zimelowa na vyura wamekaa chini ya meza ya mwalimu. Siku hiyo tulicheka. Tulikuwa vijana, na chochote kilichochelewesha somo la hesabu kilikuwa sherehe.

Kicheko kiliisha upesi. Ule ulikuwa mwaka wa mtihani wa serikali, Exetat, ambao bila huo huna diploma, na bila diploma unabaki kuwa mtu aliyewahi kupita masomoni. Shule yetu ilikuwa hapa Uvira, chini ya barabara kubwa, upande wa ziwa. Baba yangu alifundisha jiografia hapo hapo. Kaka mkubwa wa mama, mjomba wangu, alikuwa prezida wa komite ya wazazi. Alikuwa amestaafu kazi ya duane, ya ushuru wa mpakani, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu anayesimamisha malori. Wanaume hawa wawili nawapenda, na wao ndio walioniharibia mwaka ule. Mpaka leo nikikumbuka nasikia mishipa ya kichwa ikikaza.

Baba alisema ziwa limepanda kwa sababu ya shanjema klimatiki, mabadiliko ya tabianchi. Alilitamka neno hilo kwa uangalifu, kama daktari anayetaja ugonjwa. Dunia imepata joto, mvua zimebadilika, milima iliyo juu yetu imekatwa miti yote kwa ajili ya makala, mkaa wa kupikia, udongo unateremka na mito hadi ziwani. Maji hayatarudi kukaa kama zamani, na yakirudi yatapanda tena. Kwa hiyo shule ihamishwe.

Mjomba alisema huo ni upuuzi wa vitabu. Yeye alikuwa mtoto ziwa lilipopanda zamani. Aliona nyumba za kando zikizama, na aliona maji yakirudi yenyewe bila kuombwa na mtu. Kwa hiyo shule ingoje.

Kulikuwa pia na mama mchungaji, mjumbe wa komite, ambaye chumba chake cha maombi kilijaa watu kila Jumatano. Yeye alisema nchi hii imemwagiwa damu nyingi mno katika vita hivi, na maji ni hasira ya Mungu. Kwa hiyo tufunge na tuombe. Na nyuma ya ukumbi daima walikuwepo wale waliosema kwamba mlango wa ziwa, kule Kalemie maji yanakotokea, umezibwa makusudi na watu fulani. Ni watu gani, ilitegemea msemaji alikuwa amekosana na nani wiki hiyo.

Komite ilikutana kila Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia. Sisi wa darasa la sita tulitakiwa kuhudhuria kwa sababu jambo lilituhusu, ila hatukuruhusiwa kusema. Tulikaa ukutani na kusikiliza.

"Shemeji," mjomba alikuwa akianza, "weye unasoma vitabu. Minye nilikuwa hapa. Haya mayi nayajua tangu niko na kaptula."

"Wakati ule milima ilikuwa na miti, shemeji. Leo iko na nini? Iko na mawe tu."

"Na mawe njo yanapandisha ziwa?"

Watu wakacheka. Baba akasimama na kuanza kueleza upya tangu mwanzo, tangu jua na bahari, na wazazi wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kupika. Kikao kiliahirishwa. Jumapili iliyofuata kilianzia pale pale. Sasa mimi ni mtu mzima, nimesoma, na najua kwamba baba alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wote mle ukumbini. Lakini ukweli wake haukutoa hata ndoo moja ya maji darasani.

Rafiki yangu, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa anatoka Sange, kwenye tambarare ya Ruzizi. Kwao walilima mpunga. Mwaka mmoja mvua zilikataa kuja mpaka mbegu zikaliwa na wadudu ghalani kwa kungoja, na mwaka uliofuata mto ulitapika ukafukia mashamba kwa mchanga. Walipoanza kuchimbua mchanga huo, bunduki zikafika. Wazazi wake walikimbilia kwa ndugu wa mbali, yeye akaletwa mjini kwa shangazi yake, aliyekuwa mchuuzi wa mchele. Alikuwa msichana mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa walimu. Aliongea polepole, Kiswahili chake kikiwa na uzito wa Kirundi, na alipokasirika aliongea polepole zaidi.

"Batamaliza lini?" aliniuliza siku moja pale ukutani.

"Bakichoka."

"Hawa? Hawachoke."

Asubuhi moja tulimkuta kiboko uani, karibu na mlingoti wa bendera. Alisimama ndani ya maji yaliyomfika tumboni, akitutazama kama mkaguzi aliyefika kabla ya walimu. Prefe, mkuu wa shule, alifukuza wanafunzi wote warudi nyumbani. Ungedhani kiboko angetosha kuwaamsha wakubwa. Jumapili ile baba alieleza kwamba mnyama amepoteza malisho yake kwa sababu ya klima. Mjomba akasema viboko wamekuwa wakitembea Uvira tangu kabla ya baba kuzaliwa. Mama mchungaji akafungua Biblia. Nilimtazama rafiki yangu. Alikuwa amefumba macho.

Kisha redio ikawaita baba na mjomba. Redio ya mjini ilikuwa na kipindi cha mjadala Jumamosi alasiri, na mtangazaji alikuwa amesikia kwamba kuna mashemeji wawili wanaogombana vizuri. Baba alivaa koti lake la harusi. Mjomba alivaa saa. Mama aliweka redio juu ya meza, akakaa mbali nayo, mikono kifuani.

Walianza kwa heshima, na heshima haikudumu. Wasikilizaji wakapiga simu. Mmoja alisema wazungu ndio waliochafua hewa, basi wazungu waje kuondoa maji. Mwingine alisema mambo ya klima ni ya nchi zenye amani, sisi tuna vita, tusipoteze muda. Mwingine akauliza mbona vijana wa siku hizi hawaogi ziwani tena, labda ziwa limekasirika. Mtangazaji akafurahi, akaongeza muda. Hakuna aliyetaja kwamba sisi wasichana wa shule ile tulikuwa hatunywi maji tangu asubuhi ili tusihitaji choo, maana vyoo vilikuwa vimezama, na aliyebanwa alilazimika kuomba kwenye nyumba za watu barabarani.

Mama alizima redio kabla kipindi hakijaisha. "Wote wawili nitawapa chakula baridi," alisema, na kweli mjomba alipopita jioni na baba, wakiwa bado wanabishana mlangoni, walikuta ugali umekauka na sombe ya majani ya muhogo imeganda.

Jumatatu baada ya kipindi hicho, mvulana aliyekaa dawati la nyuma yetu hakuja. Alikuwa mrefu, fundi wa mpira, mtoto wa mvuvi, na nyumba yao ilikuwa ya kwanza kuchukuliwa na maji. Familia yao ilikuwa inalala chini ya turubai kando ya barabara. Nilimkuta sokoni siku chache baadaye, akiwa amesimama na vijana wengine waliokuwa wakijiandikisha kwa wapiganaji wenyeji kwenda kupigana tambarare.

"Na Exetat?" nilimuuliza.

"Exetat ya kufanyia wapi? Ndani ya mayi?" Alitabasamu bila furaha. "Baba yako anasema itakuwa mubaya zaidi. Mjomba wako anasema tungoje. Minye nimechoka kungoja. Huku angalau muntu anakula."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwekee nani. Nilimwambia baba kwamba mwanafunzi wake ameenda vitani. Alivua miwani, akasema, "Unaona? Njo vile inaanzaga. Ardhi ikiharibika, vijana banaenda kushika bunduki. Nitalisema hilo Jumapili." Nilitaka kulia. Alikuwa ameshika jambo la kweli kabisa, na kitu cha kwanza alichofikiria kulifanyia ni kulipeleka kikaoni.

Kisha rafiki yangu akaugua kipindupindu. Vyoo vilivyozama, visima vilivyochanganyika na maji ya ziwa, hakuna aliyeshangaa. Nilimkuta kwenye kituo cha wagonjwa amelazwa juu ya kitanda chenye tundu la kujisaidia, dripu ya serumu ikimwingia mkononi, macho yameingia ndani, ngozi ya vidole imekunjamana kama ya bibi. Shangazi yake, mwanamke mnene aliyezoea kupaza sauti sokoni, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, haongei.

Alipona. Alirudi masomoni akiwa amekonda, sare inamcheza. Jumapili hiyo komite ilimtaja kwa huruma, ikamwombea, kisha mtu mmoja akauliza kama kipindupindu kinaletwa na klima au na uchafu wa watu, na wakaanza. Rafiki yangu alikuwa pale, ukutani, wakimjadili. Alisimama. Alitoka nje, nami nikamfuata, na wengine wa darasa letu wakatufuata sisi.

Nje aliongea polepole sana. "Depo ya shangazi iko tupu. Mchele haitoke tena Sange. Iko na sakafu kavu na paa. Tunabeba madawati."

"Nani anaruhusu?" mmoja akauliza.

"Unataka komite ikutane?"

Shangazi yake alipoulizwa alikuwa anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa. "Chukueni. Ndani iko panya tu. Ila mfagie."

Depo, ghala lake la mchele, ilikuwa juu ya barabara, upande wa milima, nyumba ndefu ya matofali yenye mlango wa bati. Jumamosi asubuhi tulikusanyika shuleni, darasa zima na baadhi ya wadogo wa madarasa ya chini waliokataa kufukuzwa. Tuliingia majini tukiwa tumefunga sketi mapajani, tukatoa madawati, mengine yameota ukungu wa kijani, tukayaegesha yachuruzike, kisha tukayapandisha vichwani, wawili wawili, tukaingia barabara kubwa. Tuliimba. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilijisikia kwamba mwili wangu unafanya kitu.

Hatukufikiria tunaonekanaje. Siku zile vita vilikuwa vimeshuka karibu, kila mtu mjini alikuwa analala na kifurushi kando ya mlango. Mwanamke aliyekuwa anauza ndakala, dagaa wa ziwani, alituona tunatokea chini, wengi, mbio mbio, na meza vichwani, akapiga ukelele: "Watoto ya masomo banahama! Bamefika! Adui iko Sange!" Aliinua beseni lake akakimbia. Jirani yake akamfuata bila kuuliza. Milango ya maduka ikaanza kushuka kwa kelele, pikipiki zikageuka, mama mmoja akamfunga mtoto mgongoni kichwa chini miguu juu. Askari kwenye kizuizi walishika bunduki na kuangalia kaskazini. Sisi tuliganda katikati ya barabara, madawati vichwani, tukipiga kelele kwamba tunahama maji tu, maji tu, lakini nani anasikiliza watoto wakati watu wanakimbia?

Ilichukua muda mpaka mji ukaelewa. Kisha ukatukasirikia. Tulitukanwa kwa lugha zote za kando ya ziwa.

Baba na mjomba walifika pamoja, wakihema, kila mmoja ametoka upande wake. Kwa mara ya kwanza tangu maji yaingie darasani walikuwa na neno moja.

"Nani amewatuma?" mjomba alinguruma.

"Mtaleta mauti hapa!" baba akasema. "Mngeuliza!"

Niliteremsha dawati. Sijawahi kumjibu baba mbele ya watu, wala kabla wala baada. "Tuliuliza kila Jumapili, baba. Mlikuwa munaongea."

Mjomba alinitazama, akamtazama baba. Nilidhani sasa wataelewa. Mjomba akasema, "Shemeji, unaona mambo yako ya klima? Umetisha watoto mpaka bamehama. Ziwa likirudi, bataona haya." Na baba akajibu, na wakaendelea pale pale barabarani, na sisi tukainua madawati tukapita katikati yao.

Tulisoma depo kwa majuma kadhaa, na yalikuwa majuma mazuri. Walimu walikuja wenyewe, kwanza mmoja kwa aibu, kisha wote. Sakafu ilinuka pumba za mchele. Miguu yetu ilikuwa mikavu. Prefe alijifanya kwamba alikuwa ameagiza yeye. Baba naye alikuja na ramani yake iliyochanika, akaitundika kwenye msumari, na akatufundisha mvua na mikondo ya hewa vizuri kuliko alivyowahi kufundisha, labda kwa sababu hapakuwa na wa kumbishia.

Siku moja rafiki yangu aliinua mkono. "Mwalimu, tunaamini. Milima, makala, joto, yote tunaamini. Sasa siye tutaishi wapi?"

Baba aligeukia ubao. Alishika chaki. Nilimwona mgongo. Akaandika neno "suluhisho" na kulipigia mstari, akaanza kuorodhesha kupanda miti, na mitaro, na mataifa makubwa, kisha mkono ukasimama.

"Sijue," alisema, bado ametazama ubao. "Mtoto wangu, kweli sijue."

Nilimheshimu baba siku ile kuliko siku zote za redio. Lakini pia nilikasirika, kwa sababu kama alijua kwamba hajui, kwa nini hakulisema hilo mapema ukumbini, tukakaa tukatafuta wote?

Askari wa serikali walioshindwa tambarare waliingia mjini mchana mmoja, wengine kwa miguu, wengine juu ya malori, wakiwa na njaa na hasira, na wapiganaji wenyeji wakawazuia wasipite na silaha. Wakaanza kupigana wao kwa wao, watu wa upande mmoja, katikati ya nyumba zetu. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya udongo. Ya mjomba, kule Rugenge, ilikuwa ya matofali ya kuchoma. Mama hakuuliza mtu. Alituvuta kwa mikono, tukakimbia kwa kuinama ukuta kwa ukuta, mpaka kwa kaka yake.

Tulilala chini kwenye korido yake, sisi na watoto wake na mke wake, vichwa vimeelekea ukuta. Risasi zilipiga mabati ya jirani kama mvua ya mawe. Watoto wadogo walikuwa wamelia mpaka wamenyamaza. Na hapo, kwenye sakafu, tumbo chini, mjomba akamwambia baba kwa kunong'ona:

"Lakini umeona mayi yameshuka kidogo wiki hii."

"Ni kiangazi," baba akanong'ona. "Kiangazi kila mwaka yanashuka."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kitu, shemeji. Subiri masika."

"Masika njo nini? Minye nilikuwa na kaptula..."

Mama aliinuka kwa viwiko. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwake. Haikuwa kubwa, lakini ilikata. "Kaka. Na weye baba ya watoto. Mukisema neno lingine juu ya hilo ziwa, natoka hapa nasimama njiani banipige. Munasikia? Watoto yangu bako chini kama nyoka, na munashindana. Nyamazeni!"

Walinyamaza. Baba aliweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wangu. Mjomba alikaza uso kwenye saruji. Sikusikia tena sauti zao mpaka bunduki zilipotulia siku iliyofuata.

Watu walipoanza kutoka nje, nilikwenda kwa rafiki yangu. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba. Jirani aliniambia kwamba yeye na shangazi yake walikuwa wameondoka na umati kuelekea Kavimvira, kuvuka Burundi. Hakuacha neno lolote. Watu hawaachi neno wakati kama ule.

Nikapanda depo. Kutoka mbali niliona moshi, nikadhani imechomwa. Haikuchomwa. Mlango wa bati ulikuwa umelazwa chini, na ndani, kwenye sakafu tuliyoifagia, wapiganaji walikuwa wamewasha moto na kuweka sufuria juu ya mawe. Madawati yalikuwa yamevunjwavunjwa. Yaliyobaki yalikuwa yameegemezwa ukutani, yakingoja zamu yao. Ramani ya baba haikuwepo.

Aliyekuwa anakoroga sufuria alikuwa yule mvulana wa dawati la nyuma.

Alikuwa amekonda na kuota ndevu. Bunduki ilikuwa imelala kando ya mguu wake kama fimbo ya mtu aliyechoka. Aliniona, na uso wake ukabadilika, akasimama haraka kama vile mwalimu ameingia.

"Tulidhani mumekimbia bote," alisema.

"Yale ni madawati yetu."

"Najua."

"Tuliyabeba kutoka majini. Kwa kichwa."

"Najua. Balinisimulia." Aliangalia wenzake, kisha akashusha sauti. "Kuni haiko. Milima yote haina kuni. Tulikaa siku na siku bila kupika. Ningefanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nilikuwa na maneno mengi, ya mwaka mzima, ya wote. Lakini sikuwa nimekula tangu tulipolala kwenye korido ya mjomba, na maharage yalinukia. Yeye aliona macho yangu yalikokwenda. Alichota kwenye kifuniko cha chuma, akaninyooshea. Nilikaa chini kwenye kipande cha dawati, nikala. Yalikuwa hayana chumvi. Nilipomaliza nilirudisha kifuniko, akakipokea kwa mikono miwili, na nikashuka nyumbani.

Komite ilikutana Jumapili ya kwanza misa iliporudi. Mjomba alisema kama watoto wasingeyahamisha madawati, bado yangekuwepo. Mtu akamwambia kwamba ukuta wa darasa letu la zamani ulikuwa umeanguka ndani, upande wa ziwa. Mjomba akasema umeanguka kwa bomu. Baba akasema umeanguka kwa maji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameenda kuuona. Sikungoja mwisho.

Mtihani tuliufanya mwishoni, kwa kuchelewa, katika shule nyingine, wachache mno tulioweza kufika. Nafasi ya rafiki yangu ilikuwa tupu mbele yangu. Msimamizi alisoma jina lake, akangoja kidogo, akaendelea. Katika dissertation, yaani insha, tulipewa mada ambayo sikumbuki vizuri, kitu kuhusu wajibu wa kijana kwa nchi yake. Niliandika haraka na kwa hasira, na nilifaulu. Mama aliniremba kwa poda nyeupe kichwani na shingoni kama tunavyofanya mtu akifaulu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Baba alilia. Mjomba alileta kuku.

Yule mvulana aliacha bunduki baadaye, sijui kwa njia gani. Nilisikia yuko Kalemie anavua. Ukuta wa darasa haujajengwa. Shule sasa inasomea kwa zamu ndani ya madarasa ya watu wengine, na mimi nafundisha hapo, Kifaransa, alasiri.

Rafiki yangu alinipigia simu baada ya miezi mingi, kwa namba ya Burundi. Alikuwa kambini, kwenye kilima kisicho na mti, chini ya hema la plastiki lililokuwa linawaka joto mchana. Alisema maji yanaletwa kwa lori na watu wanapanga foleni. Alisema shangazi yake amepata kifuko cha chumvi anauza. Yeye alikuwa ameanza kuwafundisha watoto kusoma, kwa kuwa walikuwa wengi na walikuwa wanazurura.

"Na Exetat yako?" niliuliza. "Utarudi ufanye?"

"Nikirudi nitakaa wapi? Sange iko mchanga. Uvira iko mayi." Aliongea polepole, nikajua amekasirika. "Hapa banasema tutahamishwa tena, mbali na mupaka. Sijue ni wapi."

Nilimwambia nitamtumia vitabu vyangu vya mwaka wa sita kama atapatikana mtu anayevuka. Nikasikia watoto nyuma yake wakihesabu kwa sauti, wakikosea, wakianza upya.

"Tuma cha hesabu," alisema. "Na chaki. Chaki hapa haiko kabisa."

Nilipata mtu Alhamisi ya wiki ile, dereva wa pikipiki wa Kavimvira. Nilifunga vitabu na pakiti za chaki katika mfuko wa plastiki, kisha katika mwingine, kwa sababu kulikuwa kunanyesha, nikampa, nikasimama barabarani mpaka alipopotea machoni.